Pierre Curie: mtoto asiyeenda shule aliyepima joto linaloua sumaku

Katika miji ya Butembo na Beni, watu wanaishi kila siku kwa kazi ya sumaku hata kama hawaitaji. Pikipiki inayoshuka kutoka Kyondo na magunia ya mboga inawasha taa zake kwa sumaku zinazozunguka kando ya injini. Redio inayosikilizwa jioni inatoa sauti kwa sababu ya sumaku iliyofungwa nyuma ya kipaza sauti. Umeme wa maji unaotoka Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, unazaliwa ndani ya mashine ambamo nguvu ya sumaku inazungushwa na maji.

Mafundi wa kuchomelea vyuma wanajua jambo lingine. Chuma kikiwa chekundu kabisa kwa moto, sumaku haikishiki tena. Na sumaku yenyewe ikitupwa ndani ya makaa, inatoka imekufa. Haivuti hata msumari.

Mtu aliyepima jambo hilo kwa uangalifu kuliko wote waliomtangulia anaitwa Pierre Curie. Wanafunzi wetu wanakutana na jina lake katika fizikia, mara nyingi likiwa limefunikwa na jina la mke wake, Marie, na habari ya radiamu. Lakini kabla ya radiamu kulikuwa na sumaku. Na kabla ya sumaku kulikuwa na mtoto ambaye hakukalia dawati la shule hata siku moja.

Nyumba iliyogeuka kituo cha majeruhi

Pierre Curie alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, Eugène Curie, alikuwa daktari aliyependa utafiti lakini hakuwa na mali ya kuufuata, kwa hiyo aliishi kwa kutibu watu. Mama yake, Sophie-Claire Depouilly, alitoka katika familia ya wenye viwanda ambao mali yao ilikuwa imepungua. Pierre alikuwa na kaka mmoja, Jacques, aliyemzidi miaka michache.

Tangu mdogo, Pierre alifikiri polepole. Hakuweza kuruka kutoka somo moja hadi lingine saa kengele inapolia. Akishika jambo, alilishika mpaka aone mwisho wake, na ukimkatiza alipotea kabisa. Wazazi wake waliona kwamba shule ya wakati ule, yenye kukariri na saa kali, ingemvunja. Wakaamua asome nyumbani. Mama alimfundisha kusoma, kisha baba na kaka wakaendelea. Mambo mengi aliyajifunza msituni na kando ya mito nje ya mji, akitazama mimea na wanyama pamoja na baba yake.

Mwaka 1871, Pierre akiwa na miaka 12 hivi, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliingia Paris. Wakaaji wa mji waliasi serikali, na jeshi likarudi kuuteka mji mtaa kwa mtaa. Daktari Curie aligeuza nyumba yake kuwa kituo cha kutibia majeruhi karibu na kizuizi cha barabarani, na wanawe wakamsaidia kuwabeba watu waliolala chini wakivuja damu. Maelfu ya watu waliuawa katika wiki moja ya mwezi wa Mei. Watoto wa Beni, ambako raia wanachinjwa kwa awamu tangu Oktoba 2014, hawahitaji kuelezwa maana ya utoto wa namna hiyo.

Akiwa na miaka 14, alipata mwalimu wa hisabati aliyemfungulia mlango. Akiwa na miaka 16 alishinda mtihani wa bakaloria. Akiwa na miaka 18 alikuwa na lisansi ya fizikia. Uzito wa akili uliomfanya aonekane mzembe mbele ya kengele ulikuwa umekuwa nguvu yake.

Ndugu wawili na jiwe linalotoa umeme

Fedha za kuendelea na masomo hazikuwepo. Mwaka 1878 Pierre aliingia kazi ya msaidizi wa maabara katika chuo kikuu cha Sorbonne, kuandaa vyombo vya wanafunzi. Kaka yake Jacques naye alikuwa msaidizi katika maabara ya madini. Jioni walikaa pamoja juu ya swali moja: je, jiwe linaweza kutoa umeme likikandamizwa?

Mwaka 1880 walipata jibu. Walichukua fuwele za kwazi na mawe mengine, wakazikata kwa pembe walizozipima, wakazibana, na umeme mdogo ukaonekana pande zote mbili za jiwe. Mwaka uliofuata walithibitisha pia kinyume chake: ukitia umeme kwenye jiwe hilo, linajivuta na kujibana.

Jambo hilo lilionekana dogo, la vitabu tu. Leo mama mjamzito anayelala kwenye meza ya ekografia Beni au Butembo anapimwa kwa njia hiyo hiyo. Kile kichwa ambacho daktari anakipitisha juu ya tumbo kina vipande vinavyotetemeka vikipata umeme, na vinavyotoa umeme mwangwi ukirudi. Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, ndiye aliyetumia kwazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili kusikiliza nyambizi chini ya bahari, na kutoka hapo njia ikafika hospitali.

Mwisho wa 1882 Pierre aliajiriwa katika shule mpya ya mji wa Paris ya fizikia na kemia ya viwanda. Alisimamia mazoezi ya wanafunzi kwa mshahara usiozidi ule wa mfanyakazi wa kiwanda. Jacques alipata kazi Montpellier, kusini mwa Ufaransa, na ndugu wakaachana. Pierre alibaki katika shule ile miaka 22. Hakuwa na maabara yake mwenyewe. Utafiti wake mkubwa aliufanya ndani ya ujia, kati ya ngazi na chumba cha mazoezi.

Tanuri na mizani

Katika ujia huo aliamua kuuliza swali ambalo wahunzi walilijua nusu yake. Mwingereza William Gilbert alikuwa ameandika tangu mwaka 1600 kwamba chuma kilichopashwa moto sana kinapoteza sumaku. Lakini kinapotezaje? Ghafla au kidogo kidogo? Na vitu vingine, visivyokuwa chuma, vinafanya nini?

Curie alitengeneza mizani nyepesi mno, inayoweza kuhisi mvuto mdogo kuliko ule wa vumbi. Aliweka kipande cha kitu ndani ya tanuri dogo la umeme, kati ya ncha za sumaku kubwa, akapandisha joto hatua kwa hatua, akifika zaidi ya nyuzi 1,300. Kila hatua aliandika namba. Alipima chuma, nikeli, oksijeni, bismuti, maji, chumvi na vitu vingine vingi. Kazi hiyo ilimchukua miaka.

Mwezi wa Machi 1895 alitetea tasnifu yake ya udaktari. Alikuwa na karibu miaka 36, umri ambao wenzake walikuwa maprofesa tayari. Alionyesha kwamba vitu vyote vinagawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza linasukumwa na sumaku kidogo sana, na joto halilibadilishi sana. Bismuti imo humo. Kundi la pili, kama oksijeni, linavutwa kidogo, na mvuto unapungua kadiri joto linavyoongezeka, kwa kanuni rahisi: joto halisi likiwa mara mbili, mvuto unakuwa nusu. Hiyo ndiyo sheria ya Curie. Kundi la tatu ni la chuma, nikeli na kobalti, vitu vinavyoweza kuwa sumaku.

Kwa kundi la tatu aliona mpaka. Kila kitu kina joto lake ambalo likipitwa, usumaku wenye nguvu unakwisha na kitu kinahamia kundi la pili. Kwa chuma ni karibu nyuzi 770. Kwa nikeli ni karibu 358. Kwa kobalti ni zaidi ya 1,100. Leo mpaka huo unaitwa joto la Curie. Yeye mwenyewe aliulinganisha na maji yanayogeuka mvuke. Fundi wa pikipiki anayeona taa zimefifia baada ya injini kuungua mara kwa mara anakutana na jambo la jamaa hiyo hiyo, maana sumaku huanza kudhoofika hata kabla haijafika mpaka wake.

Sumaku ni safari iliyosimama njiani

Curie alipima, lakini hakueleza kwa nini. Maelezo yalikuja mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwaka 1907 Pierre Weiss, mzaliwa wa Mulhouse, alisema tufikirie chuma kama umati wa sumaku ndogo sana. Joto linazitikisa, kila moja igeuke upande wake. Lakini kila moja inahisi pia mwelekeo wa umati wote, kama mtu aliye katikati ya soko anavyosikia kelele ya soko zima bila kutofautisha sauti ya mtu mmoja. Joto likiwa chini, umati unashinda na wote wanaelekea pamoja. Joto likipita mpaka wa Curie, kila mmoja anakwenda zake.

Swali likabaki. Msumari ulioko dukani uko chini sana ya nyuzi 770. Kwa nini basi hauvuti kitu? Weiss alijibu kwamba ndani ya msumari umati umegawanyika katika mitaa. Mtaa huu unaelekea kaskazini, ule kusini, na nguvu zao zinafutana. Mwaka 1935 Lev Landau na Evgeny Lifshitz, wanasayansi wa Umoja wa Kisovieti, walieleza sababu. Nguvu ya sumaku haiishii kwa jirani. Inafika mbali, kutoka ncha moja ya chuma hadi nyingine, na huko mbali inawapinga wale wote wanaotaka kuelekea upande mmoja. Majirani wanasema tufuatane. Walio mbali wanasema tugeukiane. Mitaa ndiyo mapatano yao.

Kutokana na hayo kuna jambo la ajabu. Sumaku ya kipaza sauti, ambayo sehemu zake karibu zote zinaelekea upande mmoja, haiko katika hali yake ya kupumzika. Ingepata njia huru, ingejigawa mitaa na kunyamaza. Inachokosa ni njia. Ndani yake kuna chembechembe na mipaka midogo inayozuia mitaa isisogee. Ni kama maji yaliyofungiwa juu ya kilima: yanataka kushuka, lakini ukuta uko mbele yao. Ukuta huo ukiwa imara, sumaku itaishi kuliko mwenye redio. Ukiipiga nyundo au kuitia motoni, unabomoa ukuta, na safari iliyokuwa imesimama inaendelea.

Hata mawe yanafanya hivyo. Lava ya Nyiragongo, iliyofika Goma mwaka 2002 na kukaribia mji tena Mei 2021, inatoka ikiwa na joto la karibu nyuzi 1,000 au zaidi. Haina usumaku wa kudumu wakati huo. Inapopoa na kushuka chini ya nyuzi 580 hivi, chembe za magnetiti zilizomo zinachukua mwelekeo wa sumaku ya dunia ya siku ile, na kuushika. Mwaka 1906, mwaka ule ule Curie alipokufa, Mfaransa Bernard Brunhes alitangaza kwamba amepata katika milima ya volkano ya nchi yake udongo uliochomwa na lava ya kale, ukiwa na mwelekeo uliopinduka. Dunia ilikuwa imebadilisha kaskazini na kusini za sumaku yake. Mara ya mwisho ni karibu miaka 780,000 iliyopita. Dunia ilikwisha kugeuka, lakini jiwe lilibaki na agizo la zamani.

Mwaka 1995, miaka 100 kamili baada ya tasnifu ya Curie, Mickael Antoni na Stefano Ruffo walichapisha mfano wa hesabu ulio mwepesi kuliko chuma chochote cha kweli. Ni kundi la sumaku ndogo zinazozunguka, kila moja ikivutana na nyingine zote bila kujali umbali. Wataalamu waliofuata mfano huo kwa kompyuta waliona kwamba, kwa namna fulani za kuanza, kundi halifiki haraka kwenye utulivu. Linasimama katikati, katika hali ambayo si ya mwanzo wala ya mwisho. Na kadiri sumaku zinavyokuwa nyingi, ndivyo kusimama huko kunavyokuwa kurefu. Zingekuwa hazina idadi, zisingefika kamwe.

Hapa hakuna ukuta kama ule wa sumaku ya redio. Kinachochelewesha ni umati wenyewe. Kila mmoja anafuata wastani wa wote, na wastani huo haubadiliki kwa urahisi. Migongano midogo ya mmoja kwa mmoja, ambayo ndiyo ingeleta utulivu, inazidi kupotea kadiri umati unavyokua. Wanaochunguza nyota wanajua jambo kama hilo, kwa sababu nyota nazo zinavutana kutoka mbali. Curie hakuyaona hayo. Lakini mizani yake ya ujiani ndiyo iliyowapa waliofuata namba za kuanzia.

Maria, kibanda na tani za mawe

Katika majira ya kuchipua ya 1894, akiwa bado na tasnifu yake mkononi, Pierre alikutana na mwanafunzi kutoka Poland, Maria Skłodowska, aliyekuwa akitafuta mahali pa kufanyia kazi. Na yeye alikuwa akichunguza usumaku wa vyuma vya pua. Walifunga ndoa huko Sceaux tarehe 26 Julai 1895, bila sherehe kubwa, kisha wakaondoka kwa baiskeli kutembea mashambani. Binti wao wa kwanza, Irène, alizaliwa Septemba 1897, na wa pili, Ève, Desemba 1904.

Mwaka 1896 Henri Becquerel alikuwa amegundua kwamba urani inatoa miale isiyoonekana. Maria, ambaye Wafaransa walimwita Marie, alichukua jambo hilo kuwa kazi yake ya udaktari. Alitumia chombo cha kupimia umeme mdogo ambacho Pierre na Jacques walikuwa wametengeneza kwa kwazi yao. Alipoona kwamba mawe fulani yanatoa miale kuliko urani iliyomo, Pierre aliacha utafiti wake wa fuwele akaungana naye. Julai 1898 walitangaza polonia. Desemba mwaka huo, radiamu.

Ilibaki kuithibitisha kwa macho. Walipewa kibanda cha mbao chenye paa la vioo lililovuja mvua. Tani za mabaki ya mawe ya urani zilifika kutoka migodi ya Bohemia, iliyokuwa chini ya Austria. Marie alizichemsha katika vyungu vikubwa akikoroga kwa fimbo ya chuma, Pierre akapima miale. Mwaka 1902, baada ya karibu miaka minne, walipata sehemu ya kumi ya gramu ya chumvi safi ya radiamu. Wachimbaji wa dhahabu wa Manguredjipa, ambao wanaosha udongo kutwa nzima ili kupata chembe isiyojaza ukucha, wanaweza kupima uzito wa kazi hiyo kuliko wasomaji wengi wa Ulaya.

Wenye viwanda waliandika kuomba njia ya kuitoa. Pierre na Marie walijadili nyumbani kama wasajili njia hiyo kwa jina lao na kudai malipo. Walikuwa na mtoto, mshahara mdogo, na hawakuwa na maabara. Waliamua kutosajili. Walieleza kila hatua kwa yeyote aliyeuliza.

Uamuzi huo ulifika Kongo kwa njia ambayo wao hawakuifikiria. Mwaka 1915 mawe ya urani yenye utajiri mkubwa yaligunduliwa Shinkolobwe, Katanga. Kuanzia 1922 kampuni ya Union Minière ilitoa radiamu ya mawe hayo katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na Ubelgiji ikawa mwuzaji mkuu wa radiamu duniani. Maarifa yalikuwa ya bure. Mawe yalikuwa ya Kongo. Faida haikubaki Katanga. Na mwaka 1945 urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima ilikuwa imetoka kwenye shimo hilo hilo.

Onyo la Stockholm

Desemba 1903 tuzo ya Nobel ya fizikia iligawanywa: nusu kwa Becquerel, nusu kwa Pierre na Marie. Mwanzoni jina la Marie halikuwemo katika pendekezo lililotoka Paris. Pierre alipopata habari alidai kwamba mke wake atajwe pamoja naye, na ikawa hivyo. Mwaka ule ule alikataa nishani ya heshima ya serikali ya Ufaransa, akieleza kwamba hahitaji nishani, anahitaji maabara. Chuo cha Sayansi kilikuwa kimemkataa mwaka 1902, kilimpokea 1905.

Mwili wake ulikuwa umeanza kulipa. Alikuwa amefunga radiamu kwenye mkono wake makusudi ili aone itafanya nini, na kidonda kilichukua wiki nyingi kupona. Kutokana na jaribio hilo waganga walianza kufikiria kutibu uvimbe wa saratani kwa miale. Lakini maumivu ya mifupa na uchovu havikumwacha. Kwa sababu ya afya na kazi, safari ya Stockholm ilicheleweshwa mpaka Juni 1905.

Katika hotuba yake ya huko hakujisifu. Alieleza kazi, kisha akamaliza kwa swali. Radiamu ikiingia mikononi mwa wahalifu inaweza kuwa hatari kubwa, na mtu ana haki ya kujiuliza kama binadamu wako tayari kujua siri za maumbile. Alitaja baruti kali za Alfred Nobel, zilizosaidia kupasua miamba na pia kuangamiza watu mikononi mwa viongozi wanaovuta mataifa vitani. Hata hivyo alisema yeye yumo miongoni mwa wanaoamini kwamba binadamu watapata mema zaidi kuliko mabaya. Hiyo ilikuwa miaka 40 kabla ya Hiroshima. Mtu aliyebeba majeruhi akiwa na miaka 12 hakuwa akiongea juu ya vita kwa kusoma vitabuni.

Mvua ya tarehe 19 Aprili

Mwaka 1904 Sorbonne ilimpa kiti cha uprofesa. Maabara aliyoahidiwa ilichelewa, nayo ilikuwa ndogo. Alhamisi ya tarehe 19 Aprili 1906 mvua ilinyesha Paris. Pierre alitoka katika mkutano wa walimu wa sayansi, akatembea kuelekea mtaa wa Dauphine, karibu na daraja la Pont Neuf. Alipovuka barabara aliteleza mbele ya gari zito la mizigo lililovutwa na farasi. Farasi hawakumkanyaga, lakini gurudumu la nyuma lilipita juu ya kichwa chake. Alikufa pale pale. Alikuwa na miaka 46.

Walimzika Sceaux, karibu na mama yake. Marie alikataa pensheni ya mjane na akachukua somo la mume wake. Tarehe 5 Novemba 1906 aliingia ukumbini, mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne, na akaanza pale pale Pierre alipokuwa ameishia. Mwaka 1910 wanasayansi waliokutana Brussels walikipa kipimo cha miale jina la Curie. Tarehe 20 Aprili 1995 miili ya mke na mume ilihamishiwa Panthéon, mahali ambapo Ufaransa inawaweka watu wake wakuu.

Alichoacha

Pierre Curie aliishi muda mfupi, na sehemu kubwa ya maisha hayo alikuwa katika ujia, kibanda na vyumba vya kuazima. Hakupita katika shule kubwa za Paris ambazo vyeti vyake vilifungua milango yote, na kwa sababu hiyo alisubiri miaka mingi. Alipata alichopata kwa sababu wazazi waliona kwamba mtoto mpole si mtoto mpumbavu, na kwa sababu nyumba ilikuwa na vitabu, kaka na subira.

Watoto wengi wa Beni, Lubero na Butembo wamepoteza mwaka wa masomo, wengine miwili au mitatu, kwa kukimbia vita. Maisha ya Curie hayasemi kwamba shule haina kazi. Yeye mwenyewe alifundisha zaidi ya miaka 20. Yanasema jambo jingine, dogo lakini la kweli. Mtoto aliye nje ya darasa hajatoka nje ya elimu maadamu kuna mtu mzima mmoja nyumbani, kanisani au katika karakana ya fundi anayekubali kukaa naye juu ya swali moja mpaka lieleweke. Alichokosa Curie ni dawati. Mtu wa namna hiyo hakumkosa.